Kamba Isiyo na Nafasi

Mwaka jana tulimzika Mama Wankuru hapa Nyamwaga. Kabla ya jeneza kushushwa, kijana mmoja wa ukoo alisimama na karatasi akasoma wasifu wa marehemu, kama ilivyo desturi siku hizi: alizaliwa wapi, alibatizwa lini, aliolewa na nani. Akafika mahali palipoandikwa, "Marehemu alizaa watoto wanne, wote wako hai, na ameacha wajukuu wengi." Watu waliitikia kwa vichwa. Hakuna aliyeguna. Watoto wenyewe walikuwa wamesimama mstari mmoja kando ya kaburi, watu wazima wenye familia zao, na macho yao yalikuwa mekundu kwa kilio cha kweli. Mimi nilikuwa kwenye benchi la wanawake, nikajikuta nafanya jambo ambalo kazi yangu imenizoesha kulifanya kila nisikiapo namba: nilijiuliza ilipatikanaje. Namba ile niliijua. Niliwahi kuiandika kwa mkono wangu mwenyewe kwenye kadi nyeupe, nikiwa na umri wa miaka kumi na saba, na baadaye nikashindwa kujua kama niiache au niifute, na nikiifuta niandike nini mahali pake.

Nimefanya kazi ya afya ya wanawake kwa zaidi ya miaka ishirini. Chuo sikusoma. Niliishia darasa la sita; mengine niliyapata kwa kamusi, kwa vitabu vilivyoachwa na watu waliohama, na kwa kuuliza hadi watu wakachoka. Leo mimi ndiye ninayetunga maswali ambayo wengine huenda nayo vijijini: umeona mwezi mara ya mwisho lini, damu hukaa siku ngapi, umeshika mimba ngapi, ngapi zilifika. Wasaidizi wangu hulalamika kwamba narudia jambo moja kwa njia tatu na kwamba akina mama wanachoka. Wanasema kweli. Sijawaeleza sababu, kwa kuwa kila nikijaribu kuieleza kwa mdomo inaanza vizuri na kuishia pabaya. Naijaribu hapa kwa kalamu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Mtafiti alikuja mwanzoni mwa mvua ndefu, na gari lake lilikwama mara mbili kati ya Tarime na kwetu. Jina lake silitaji kwa sababu sikupata ruhusa yake. Wakubwa walimwita Bibi Daktari. Wanawake, wakiwa peke yao, walimwita Mama Makaratasi. Alikuwa mzungu mrefu, mwembamba, asiyependa kukaa kwenye kiti wakati wenzake wamekaa chini, na asiyejua kukaa chini, kwa hiyo alichuchumaa hadi magoti yake yakalia. Kiswahili chake kilikuwa sahihi kuliko changu. Lakini akina mama wa Nyamwaga wakati ule Kiswahili chao kilikuwa cha salamu na cha sokoni tu, na mambo aliyotaka kuyajua hayasemwi kwa lugha ya sokoni. Alihitaji mtu wa kukaa katikati, msichana, asiye na mume wa kumkataza. Mwalimu wa misheni alinitoa mimi. Maneno yote ninayoyaandika hapa ya wanawake wa kwetu yalisemwa kwa Kikurya. Kiswahili ni changu, wakati ule na sasa.

Tulifanyia kazi katika stoo ya kanisa. Ninaweza kuichora leo nikiwa nimefumba macho. Magunia ya mahindi upande mmoja, mapipa mawili ya mafuta ya taa upande wa pili, na katikati nafasi ya kutosha mkeka na meza ndogo. Mlangoni tulitundika khanga. Dirisha lilitazama migomba, na mchana kijani cha majani kiliingia ndani, kila uso ukaonekana kama wa mgonjwa. Siku ya kwanza alinipa sharti moja tu. "Paulina," alisema, "mama akisema hapana, wewe sema hapana. Usiongeze, usipunguze, usifafanue. Kufafanua ni kazi yangu." Nilifurahi. Lilikuwa sharti rahisi, na nilipenda masharti.

Swali la kwanza lilitushinda. Kwetu mtu hahesabu watoto wake kwa sauti, kama ambavyo hahesabu ng'ombe wake mbele ya mgeni. Ukimwuliza mama ana watoto wangapi, anakutazama kana kwamba umemwombea mabaya. Wa kwanza alijibu, "Wapo." Wa pili alijibu, "Mungu anajua." Wa tatu alifunga khanga yake akaondoka. Aliyetuokoa alikuwa Robi, jirani aliyekuwa akitupikia chakula cha mchana, mwanamke wa makamo mwenye sauti iliyosikika ng'ambo ya bonde. Aliweka chini sufuria ya ndizi akaniambia, "Wewe karani wa damu, mwambie mzungu wako aache kuuliza wangapi. Awape mahindi. Mtu akitupa punje chini, kwani amehesabu? Si ametupa punje?"

Bibi Daktari alilipokea wazo hilo kama zawadi. Kuanzia siku ile kila mama alipewa sahani ya bati na vitu vitatu: punje ya hindi kwa mtoto aliye hai, haragwe kwa aliyekufa, kijiwe kwa mimba iliyotoka kabla ya kufika. Mama aliweka alichoweka, mimi nilihesabu kimya, nikaandika. Aliyeweka chochote sahanini alipata kadi nyeupe. Ambaye sahani yake ilibaki tupu alipata kadi ya njano. Kisha kila mmoja alipewa kamba ya katani yenye urefu wa pima moja, aende nayo nyumbani. Siku yenye damu, anafunga fundo. Siku isiyo na damu, anaacha nafasi ya upana wa kidole. Baada ya miezi miwili anarudisha, na sisi tunasoma kamba kama barua.

Nikisimulia hivi watu hudhani ilikuwa kazi ya huzuni. Haikuwa. Sijawahi kucheka katika maisha yangu kama nilivyocheka katika stoo ile siku za kurudisha kamba. Mama mmoja alileta yake ikiwa imekatwa nusu, akasema mume wake ameikuta chini ya godoro, ameona mafundo, akadhani anafungwa asioe mke wa pili, akaitupa motoni; hiyo nusu aliiokoa kwa mkono. "Na ataoa?" Robi akauliza kutoka mlangoni. "Tangu siku hiyo halali," mama akajibu. Mwingine alikuja mikono mitupu. Kamba amefungia ndama. "Kwa hiyo ndama wako yuko mwezini," Robi alisema, "basi naye apewe kadi." Bibi Daktari alinitazama nitafsiri. Nilitafsiri. Aliandika kitu, sijui alichoandika, kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na kumbe alikuwa anacheka pamoja nasi, kwa namna yake isiyo na sauti.

Kwa Mama Wankuru tulikwenda wenyewe, kwa sababu alituma neno kwamba yeye si mtu wa kuitwa stoo. Alikuwa mjane wa karibu miaka hamsini, mwenye mji uliofagiwa vizuri kuliko kanisa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kunitazama, akatukaribisha ndani. Kulikuwa na ugali wa wimbi na maziwa ya mgando yaliyomiminwa kutoka kwenye kibuyu kilichofukizwa, na harufu ya moshi ule mtamu ilijaa nyumba nzima. Aliyetuletea maji ya kunawa alikuwa mwanamke kijana aitwaye Ghati. Alipiga magoti, akamwaga maji polepole, na mgongoni alikuwa na mtoto wa miaka mitatu hivi, mkubwa mno kubebwa, aliyekataa kushuka. Mtoto alikuwa amemshika sikio.

Baada ya kula nilitoa sahani. Mama Wankuru hakusita. Aliweka punje nne za mahindi, moja moja, akizibonyeza kwa kidole gumba kama mtu anayepanda. Hakuna haragwe, hakuna kijiwe. Nikaandika nne kwenye kadi nyeupe. Kisha zamu ya Ghati. Aliitazama sahani, akamtazama Mama Wankuru, akaurudisha mkono wake kwenye paja. Sahani ilibaki tupu. Bibi Daktari aliuliza kwa upole, "Na huyu mtoto mgongoni ni wa nani?" Nikauliza. Ghati akajibu, "Wa mama," na kwa kidevu akamwonyesha Mama Wankuru. Nilitafsiri kama alivyosema. Bibi Daktari alimtazama Mama Wankuru kwa muda, akatazama mvi zake, akatazama mtoto, kisha akachukua kadi nyeupe, akafuta umri niliouandika, na akapunguza miaka minane.

Sasa lazima nieleze jambo ambalo kwetu halihitaji maelezo. Mwanamke aliyekosa mtoto wa kiume, au aliyekosa mtoto kabisa, anaweza kutoa ng'ombe na kuoa msichana aje katika nyumba yake. Ndoa hiyo tunaiita nyumba ntobhu. Msichana hupata mwanamume wa kuzaa naye, lakini mwanamume huyo hana neno katika mji ule. Watoto ni wa nyumba, na nyumba ni ya mama aliyetoa ng'ombe. Huitwa kwa jina la mume wake na hurithi kwake. Mama Wankuru hakuwahi kushika mimba hata moja. Alikuwa amemwoa Ghati kutoka Kisaka, ng'ambo ya Mto Mara, na Ghati alikuwa amezaa mara nne. Ukimwuliza mtu yeyote Nyamwaga kama Mama Wankuru ana watoto, atakujibu anao wanne. Ukimwuliza kama Ghati ana watoto, atakuuliza kwanza kwa nini unataka kuvunja nyumba ya watu. Kwa hiyo siku ile, nilipoandika nne kwenye kadi nyeupe na sifuri kwenye ya njano, sikuhisi kwamba nimeandika uongo. Nataka hili lieleweke. Sikuficha kitu. Niliulizwa nikajibu, na majibu yalikuwa sahihi, na kila mtu katika nyumba ile aliyajua kuwa sahihi isipokuwa mgeni mmoja aliyekuwa amechuchumaa.

Baada ya miezi miwili Ghati alileta kamba mwenyewe, stoo. Aliiweka mezani ikiwa imeviringwa, akageuka kuondoka. Bibi Daktari aliinyoosha. Fundo, fundo, fundo, fundo. Nilitafuta nafasi ya kwanza kwa kidole changu nikafika mwisho wa kamba bila kuiona. Kamba ilipomwishia, Ghati alikuwa ameunga kipande cha gome la mgomba, akaendelea. Nilinyanyua macho nikamwona Ghati kwa mara ya kwanza, nadhani, ingawa nilikuwa nimeketi naye. Viganja vyake vilikuwa vyeupe. Alikuwa ameshika mlango. Nilimwuliza tangu lini, akasema tangu wakati wa kupalilia, yaani kabla hata ya kupewa kamba. Nilimwuliza kwa nini hakusema. "Mliniuliza?" alisema. Hakuwa amekasirika. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli kama tulimuuliza na yeye hakusikia.

Bibi Daktari alikuwa na utaratibu wa mambo kama hayo. Gari lilikuwa liende hospitali mwishoni mwa wiki, mwendo wa siku nzima, ambako daktari wa upasuaji alikuwa anakuja kwa muda mfupi. Lilikuwa na nafasi ya wagonjwa watatu. Nafasi zilikuwa za wenye kadi nyeupe, yaani waliozaa na sasa wanatoka damu, kwa kuwa hao ndio waliokuwa hatarini zaidi na ndio ambao daktari yule aliweza kuwasaidia. Wenye kadi ya njano walipewa vidonge vya kuongeza damu na kamba nyingine, wangojee. Aliangalia kadi ya Ghati. Ilikuwa ya njano. Akahesabu vidonge, akavifunga kwenye karatasi, akanipa nimpe. Nami nikampa. Nilimtafsiria maelezo yote, neno kwa neno, kimoja asubuhi kimoja jioni, baada ya chakula. Ghati alishukuru, akaondoka akitembea karibu na ukuta.

Siku mbili zilizofuata sikuzielewa wakati ule na sizielewi vizuri leo. Nilijaribu kuliweka jambo katika mafungu, kama nilivyozoea. Sharti la kazi lilisema nisiongeze. Desturi ilisema hakuna cha kuongeza. Na mwili wa Ghati ulisema kitu cha tatu ambacho hakikuwa na mahali pa kuandikwa. Nikisema amezaa, nimemsingizia Mama Wankuru utasa mbele ya mgeni. Nikinyamaza, gari linaondoka. Robi aliniona sili, akanisogezea ndizi. "Kula, karani," alisema. "Yule msichana atakufa ukiwa na tumbo tupu au ukiwa umeshiba." Nilimwuliza, basi mbona yeye asiseme. "Mimi naishi hapa," alisema. "Na wewe unaishi hapa. Ndiyo maana naona hamli wote wawili, wewe na yule msichana."

Nilisema siku moja kabla ya gari. Bibi Daktari alikuwa anapanga kadi kwenye masanduku ya mbao.

"Bibi, yule wa kadi ya njano, Ghati. Amezaa."

"Alisema hana mtoto."

"Ndiyo. Hana."

"Kwa hiyo hajazaa."

"Amezaa, Bibi. Wanne."

"Wakafa?"

"Wapo. Mmoja ulimwona mgongoni."

"Yule ni mtoto wa Mama Wankuru."

"Ndiyo."

Aliweka kadi chini. "Paulina. Aliyemzaa mtoto yule ni nani?"

"Ghati."

"Na Mama Wankuru amezaa wangapi?"

"Hajazaa. Ana wanne."

Nilimweleza habari ya nyumba ntobhu, nikiyumba, nikirudia, kwa mara ya kwanza nikifafanua. Aliponielewa hakusema kitu kuhusu Ghati. Aligeuka akatazama masanduku, kazi ya karibu mwaka mzima, kadi za Nyamwaga na za vijiji vyote tulivyopita. "Wako wangapi wengine wa namna hii humo ndani?" aliuliza. Nilisema sijui. "Hukujua kwamba nataka kujua?" Nilisema, "Uliniambia nisiongeze, Bibi." Angenigombeza ningeona nafuu. Alisema tu, "Kweli, nilikuambia," akatafuta kofia yake, tukatoka.

Mama Wankuru alikuwa uani anaanika wimbi. Bibi Daktari alieleza kwamba Ghati lazima aende hospitali kesho, na mimi nikatafsiri. Mama Wankuru aliendelea kusambaza wimbi kwa kiganja. "Mnataka kumpeleka," alisema, "kwa sababu mmeandika kwamba amezaa. Nani amewaambia?" Alinitazama mara moja tu. "Wewe mtoto, unajua yule mwanamume anasema nini kwenye pombe? Anasema ana watoto kwangu. Akisikia kuna karatasi ya Serikali inayosema ni watoto wa Ghati, ataacha kwenda nayo barazani? Ng'ombe nilitoa. Jina ni la mume wangu. Halafu karatasi moja, basi, nyumba imekwisha?" Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilikuwa nimemwona kama mama mkali anayelinda heshima, na sasa naona anaogopa, na anaogopa kitu kinachowezekana.

Robi alikuwa ametufuata bila kualikwa. "Mama," alisema kutoka kwenye uzio, "utabaki na watoto wanne na kaburi moja. Nani atawabeba mgongoni? Mimi mgongo unauma."

"Wewe Robi, mdomo wako utakuua kabla ya damu kumuua mtu."

"Basi niue mimi, huyu umwache aende."

Mama Wankuru aliketi juu ya jiwe. Ghati alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo, mtoto amemshika mguu, na hakuna kati yetu wanne aliyemgeukia. Mwishowe Mama Wankuru alisema kwamba Ghati ataenda, kwa sharti. Lisiandikwe popote. Bibi Daktari aliahidi: mahali pa idadi ya watoto atapaacha wazi, na mdomo wake utamwambia daktari peke yake kwamba mgonjwa amewahi kuzaa. Kwangu sharti lilikuwa niende naye, na mbele ya wageni nisiseme kwamba watoto ni wa Ghati. Nilisema, "Ndiyo, mama." Aliingia ndani, akatoka na shuka lake mwenyewe, jipya, akamfunika Ghati mabega mbele yetu, akalivuta sawasawa kama mtu anayemwandaa binti.

Tulivuka Mto Mara mahali ambapo maji yalikuwa yamepungua, tukapita Kenyamonta. Tulipopita Kisaka, Ghati aliinua kichwa akatazama nje hadi nyumba zikaisha. Hakuomba tusimame. Chini yake tulikuwa tumetandika magunia, na kila baada ya muda niliyabadilisha. Mimi nilijiona mtu mzima siku ile. Nitasema wazi: nilijisifu. Niliamini kwamba katika watu wote, mimi ndiye niliyejua ukweli wa Ghati, na kwamba nimeubeba kutoka Nyamwaga hadi hospitali bila kuumwaga.

Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamume mfupi mwenye Kiswahili cha haraka. Alimpima Ghati, akanawa mikono, akarudi na maswali. Bibi Daktari alikwisha kumwambia kwamba amezaa. "Wa mwisho ana umri gani?" aliuliza. Sikumtafsiria Ghati swali lile. Nilikuwa na jibu. Nikasema, "Miaka mitatu," na ahadi yangu kwa Mama Wankuru nikaivunja kwa maneno mawili. Daktari alitikisa kichwa. Kama uzazi wa mwisho ulikuwa miaka mitatu iliyopita na damu imeanza miezi mitano tu, alisema, basi haitokani na uzazi. Huenda ni uvimbe. Akiwa amepoteza damu kiasi hiki, hawezi kungoja. "Mwambie kesho tunatoa kizazi."

Nikamwambia. Ghati alikuwa amelala chali, macho yameelekea dari. Alikuwa na miaka kama ishirini na mitatu.

"Kwa nini wanakitoa?"

"Kwa sababu mtoto wa mwisho ana miaka mitatu, na damu ni ya majuzi. Kwa hiyo si ya uzazi."

"Nani kawaambia wa mwisho ana miaka mitatu?"

"Mimi."

"Ulikuwapo?"

Ghati aligeuza kichwa akanitazama, na kwa sauti ya kawaida kabisa akasema kwamba wakati wa kupalilia alikuwa na mimba ya miezi minne, alikuwa hajamwambia mtu, na ilitoka shambani. Alikizika mwenyewe kile kitoto, pembeni ya shamba la mihogo, akamaliza mstari wake wa kupalilia, akarudi nyumbani kupika. Damu haikukatika tangu siku hiyo. Nilimwuliza kwa nini hakuweka kijiwe sahanini. "Sahani ilikuwa ya mama," alisema.

Nilitafsiri yote. Daktari alimwuliza mara mbili kuhusu miezi, mara hii akamwuliza yeye, akingoja mimi nimalize. Kisha alisema jambo lingine kabisa: kuna mabaki yamebaki ndani, atamsafisha, na kizazi hakitaguswa. Ilikuwa kazi ya muda mfupi. Siku ya nne damu ilikatika. Siku ya sita Ghati aliomba ugali, akaulalamikia kuwa mlaini.

Nimelisoma jambo hili upande mmoja na upande mwingine kwa miaka yote hii. Kama ningeendelea kunyamaza, angekufa na kadi ya njano. Niliposema, alikaribia kukatwa kizazi kwa sababu ya ukweli wangu. Aliyekuwa na habari yote ni mtu mmoja, naye alikuwa amelala mbele yetu. Sijui kama hilo ni fundisho. Nilipokuwa kijana nilidhani ni fundisho na nililiandika daftarini. Sasa naona tu kwamba ndivyo ilivyokwenda. Ghati aliishi, alirudi kwenye nyumba ile, na mwanamume yule hakufika barazani na karatasi yoyote, kwa kuwa hakukuwa na karatasi. Masanduku yalisafirishwa, na kadi zilizokuwamo sikuwahi kusikia zilifanywa nini.

Asubuhi ya kuondoka hospitali, Bibi Daktari alikuja kitandani na kadi mpya. Ile ya njano alikuwa ameichana. Mahali pengine pote palikuwa pamejazwa kwa mwandiko wake mdogo, isipokuwa pale alipoahidi kupaacha wazi. Alichuchumaa. Magoti yakalia. "Mwulize," alisema. "Nitaandika atakachosema yeye. Akisema niache wazi, naacha." Nikauliza, bila kuongeza neno. Ghati alifikiri kwa muda mrefu kuliko wanawake wote niliowahi kuwauliza. Alikuwa amejifunika shuka la Mama Wankuru, na mikono yake ilikuwa imeanza kurudiwa na rangi.

"Wale walio hai ni wa nyumba," alisema. "Mwambie aandike mmoja."

Bibi Daktari alinitazama, akingoja. Nilikuwa na maneno mengi ya kueleza, na safari hii najua angenisikiliza.

"Mmoja," nikasema, naye akaandika.